Kwa nini Wanazi walichoma Torati? Namna wanahistoria wanavyoutafuta mkono wa utamaduni katika mauaji ya kimbari

Je, wajua kwamba usiku wa kuamkia tarehe 10 Novemba 1938, Wanazi walipoteketeza masinagogi Ujerumani na Austria, hawakuridhika na majengo? Mahali pengi walitoa nje magombo ya Torati, maandiko matakatifu ya Wayahudi, wakayararua, wakayakanyaga na kuyachoma hadharani. Ni jambo la kushangaza. Torati imo pia katika Biblia ya Wakristo, na Wajerumani wengi walikuwa Wakristo. Kuichoma hakukumpa mtu mali wala ushindi.

Mwanahistoria Alon Confino alilivalia njuga swali hilo. Kwa maoni yake, Wanazi walikuwa wakijitungia asili mpya: Ujerumani isiyowiwa chochote na Wayahudi, hata amri za Mungu. Ili asili hiyo isimame, ile ya kale ilibidi ifutwe. Jibu kama hili hulipati kwa kusoma nyaraka za serikali na ratiba za treni zilizowapeleka Wayahudi kuuawa peke yake. Ni lazima usome pia mahubiri, nyimbo, picha za sherehe, hata vitabu vya watoto. Kimoja kilichotolewa Ujerumani mwaka huohuo wa 1938 kiliwafananisha Wayahudi na uyoga wenye sumu. Mtoto aliyekisoma alishajua nani wa kuogopwa kabla hajajua siasa ni nini.

Lakini je, utamaduni unatosha kueleza kwa nini mtu anafyatua risasi? Hapa wanahistoria waligongana vikali. Julai 1942, kikosi cha polisi wa akiba namba 101 kutoka Hamburg kiliamriwa kuwaua Wayahudi wa Józefów, Poland. Kamanda wake aliwaambia wazi: asiyejiweza na ajitoe. Kati ya watu wapatao 500, ni kama dazeni moja tu waliojitoa papo hapo. Daniel Goldhagen alisema sababu ni chuki dhidi ya Wayahudi iliyokuwa imekita mizizi katika utamaduni wa Wajerumani kwa karne nyingi. Christopher Browning, aliyepitia kumbukumbu za kikosi hichohicho, aliona zaidi woga wa kuonekana dhaifu mbele ya wenzao na mazoea ya kutii. Mimi nasimama karibu na Browning. Chuki hiyo ilikuwepo Urusi na Ufaransa pia, na ukisema "ndivyo walivyo" umefunga mjadala bila kueleza kitu.

Isabel Hull alikuja na njia nyingine: aliuliza ni utamaduni wa nani tunaouzungumzia. Alipochunguza mauaji ya Waherero nchini Namibia, wakati huo koloni la Ujerumani, aliuweka kando utamaduni wa taifa zima la Wajerumani akautazama wa jeshi lao, lililofundishwa kwamba ushindi ni kumwangamiza adui kabisa. Agosti 1904 vita vya Waterberg havikuleta ushindi wa namna hiyo, basi jeshi likawafukuza Waherero hadi jangwa la Omaheke, mbali na maji. Amri ya Jenerali von Trotha ya kuwaangamiza ilitolewa tarehe 2 Oktoba, mauaji yakiwa yameshaanza.

Rwanda ndiyo inayoumbua zaidi maelezo mepesi. Wahutu na Watutsi walikuwa na lugha moja, dini zilezile, vilima vilevile. Hadithi kwamba Watutsi ni wageni kutoka Ethiopia ilienezwa na Wazungu, akiwemo msafiri Mwingereza John Hanning Speke katika karne ya 19, kisha ikafundishwa shuleni. Tarehe 22 Novemba 1992, huko Kabaya, mwanasiasa Léon Mugesera aliwaambia wafuasi wake kwamba Watutsi warudishwe Ethiopia kwa njia ya mto Nyabarongo. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, maiti zilitupwa mitoni kwa wingi hadi zikafika Ziwa Viktoria. Hapo unaona hadithi ikielekeza mikono ya wauaji.

Hata hivyo, mtafiti Scott Straus alipowahoji magerezani zaidi ya wauaji 200 waliohukumiwa, wengi walitaja vita, hofu baada ya Rais Habyarimana kuuawa tarehe 6 Aprili, na shinikizo la wanaume wenzao. Wengi wao walikuwa wameishi vizuri na majirani wa Kitutsi. Hadithi ya Ethiopia walikuwa wakiijua miaka yote hiyo, na haikuwazuia Wahutu na Watutsi kuoana.