Barabara pana haimalizi foleni

"Ongezeni njia tu, foleni itakwisha." Kauli hii utaisikia kijiweni na kwenye daladala, na inaingia akilini kweli. Ila magari si maji ya bomba. Barabara ikiwa nyeupe, aliyekuwa akipanda basi anawasha gari lake, na aliyekuwa akitoka nyumbani saa 11 alfajiri anajipa usingizi mpaka saa 1.

Houston, Marekani, walijaribu. Barabara kuu ya Katy Freeway ilipanuliwa kwa zaidi ya dola bilioni 2, ikakamilika 2008. Penginepo njia zinafika 26 ukihesabu na za pembeni. Kati ya 2011 na 2014 safari za jioni zilizidi kuchukua muda mrefu.

Fedha za umma zinazaa zaidi zikihamisha watu, si magari. Simama Magomeni, Dar es Salaam, jioni: magari madogo yametulia, wauza maji wanapita madirishani, na katikati mwendokasi, usafiri wa mabasi yenye njia yao pekee ulioanza 2016, unapita na abiria zaidi ya 100 kwa basi moja. Ndiyo, vituoni watu hujazana na kusukumana. Hapo kinachopungua ni mabasi, wala si lami.