Kichocho cha viungo vya uzazi: maradhi yanayodhaniwa kuwa ya zinaa

Swali: Mwanamke anayetokwa na uchafu ukeni na kuona damu baada ya kujamiiana, si ana ugonjwa wa zinaa?

Jibu: Huenda anao, na kwa sababu hiyo vipimo vya kisonono, klamidia, kaswende na VVU visiachwe. Lakini Pemba, na katika shehia za kaskazini na kati ya Unguja ambako kichocho kimekaa na watu kwa vizazi vingi, ipo sababu nyingine inayoleta dalili hizo hizo bila ya mwanamke huyo kuambukizwa na mumewe wala na mtu mwingine yeyote. Linalonitia uchungu ni kwamba mwanamke wa namna hii hushukiwa kwanza tabia yake, tena na watu wa nyumbani kwake, kabla ya kuulizwa alikuwa akioga wapi utotoni.

Swali: Kichocho si maradhi ya kukojoa damu? Kinafikaje kwenye kizazi?

Jibu: Ndiyo, kichocho cha Zanzibar ni cha njia ya mkojo. Mwenye minyoo ya kichocho akikojoa mtoni au bwawani, mayai huanguliwa majini, vimelea vichanga vikaingia ndani ya konokono wa maji baridi, vikakua humo kwa wiki kadhaa, kisha vikatoka na kupenya ngozi ya anayeoga, anayefua au anayelima mpunga kwenye maji hayo. Minyoo iliyokomaa hukaa katika mishipa ya damu inayozunguka kibofu na viungo vya uzazi, na jike hutaga mayai kila siku kwa miaka kadhaa. Mengi hutoka na mkojo. Yaliyobaki hunasa kwenye mlango wa kizazi, kwenye kuta za uke, hata kwenye mirija ya uzazi, na mwili unapopambana nayo, nyama ya mahali hapo huvimba na kutoka damu kwa kuguswa kidogo tu. Mirija ikipata makovu, mwanamke anaweza kukosa kushika mimba, au mimba ikatunga nje ya mfuko wa uzazi.

Swali: Je, mume anaweza kuambukizwa kwa kujamiiana?

Jibu: Hapana. Huambukizwa kwa maji tu, ingawa naye anaweza kuwa na kichocho chake, hata akaona damu katika manii.

Swali: Watafiti wamegundua nini?

Jibu: Jambo lenyewe si geni, kwani Frank Cole Madden alilieleza mwaka 1899 kutokana na mgonjwa aliyemwona Misri. Aliyelirudisha mezani kwa nguvu ni Eyrun Kjetland, daktari na mtafiti kutoka Norway, aliyewapima wanawake wa vijijini Zimbabwe. Mwaka 2006 yeye na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonesha kuwa wanawake wenye kichocho cha viungo vya uzazi walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu zaidi wa kukutwa na VVU. Matokeo hayo yanaonesha mambo mawili yanayokwenda pamoja, hayathibitishi kwamba moja limeleta jingine, na tafiti za baadaye katika nchi nyengine hazikukubaliana zote. Mwaka 2008 walionesha jambo ambalo kwangu lina uzito mkubwa zaidi: waliowahi kutibiwa kichocho kabla ya kufika miaka 20 hawakukutwa sana na mabaka ya kichocho kwenye viungo vya uzazi. Kwa hiyo dawa ya kichocho anayopewa msichana skuli huenda ikalinda pia viungo vyake vya uzazi atakapokuwa mtu mzima.

Swali: Kwa nini kwenye vituo vya afya hakitambuliwi?

Jibu: Mara nyingi mgonjwa hutibiwa kwa kufuata dalili, akapewa antibiotiki za kisonono na klamidia, nazo haziui minyoo. Akirudi hali ni ile ile, hudhaniwa kuwa ameambukizwa upya. Mkojo usioonesha mayai nao hauthibitishi kuwa hana, kwa sababu mayai yaliyonasa kwenye nyama hayatoki. Inafaa mlango wa kizazi utazamwe, ikiwezekana kwa kifaa cha kukuza, yatafutwe mabaka yenye chembe za njano mfano wa mchanga.

Swali: Tiba ni ipi?

Jibu: Ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, na tangu 2002 Shirika la Afya Duniani limeshauri wajawazito na wanaonyonyesha nao wapewe. Huua minyoo iliyokomaa, si michanga, hivyo huenda ikahitajika kurudiwa. Makovu ya zamani huweza kubaki.

Swali: Kampeni za kumaliza kichocho Zanzibar hazikutosha?

Jibu: Zimefanya kazi kubwa. Kati ya 2012 na 2017 dawa ziligawiwa mara mbili kwa mwaka Unguja na Pemba, na baadhi ya shehia zikaongezewa kuua konokono au elimu ya tabia. Maambukizi yakashuka sana, ila hayakukatika kila mahali. Mwanamke wa miaka 40 aliyekulia kando ya mto huenda alikwishapata mayai hayo kabla ya kampeni hizo.

Swali: Niseme nini nikifika kituoni?

Jibu: Mweleze mhudumu dalili zote bila ya kuficha, kisha mtajie mto au bwawa ulilokuwa ukiogea au kufulia, kama uliwahi kukojoa damu utotoni, na mara ya mwisho uliyomeza dawa ya kichocho. Ukiona haya, nenda na somo wako au ndugu unayemwamini.