Setilaiti Ikivurugwa, Kombora Ruksa?

Tuseme nchi fulani inavuruga mawimbi ya setilaiti, na ving'amuzi kuanzia Mbagala hadi Tegeta vinaandika "hakuna mawimbi". Mwenye setilaiti anaruhusiwa kujibu kwa kombora? Hapana. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, Ibara ya III, unapeleka Hati ya Umoja wa Mataifa huko huko juu, na Ibara ya 51 ya Hati hiyo inatoa haki ya kujilinda pale tu panapotokea shambulio la silaha. Katika kesi ya Nicaragua, mwaka 1986, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema si kila matumizi ya nguvu yanafikia kiwango hicho. Kuvuruga matangazo kwa saa chache hakukaribii hata kidogo.

Setilaiti ikivunjwavunjwa, hapo mjadala hubadilika. Lakini kwanza thibitisha nani kafanya. Setilaiti iliyonyamaza huenda imepigwa na dhoruba ya jua, imegongwa na kipande kidogo ambacho rada haikioni, au imekufa kifo chake tu. Kisha jibu liwe la lazima, liwiane na shambulio, na Baraza la Usalama liarifiwe mara moja.

Uwiano ndio mfupa mgumu, kwa kuwa mabaki ya setilaiti iliyolipuliwa hutishia vyombo vya nchi zote, na kimo ndicho kinachoamua yatakaa huko juu muda gani. Mwaka 2008 Marekani ililipua setilaiti yake kwa kombora kwenye kilomita 247 hivi. Mabaki mengi yalianguka na kuungua ndani ya wiki chache. China ilikuwa imelipua yake mwaka 2007 kwenye kilomita 865 hivi: vipande zaidi ya 3,000 vilirekodiwa, na vingi bado vinazunguka. Urusi ilipofanya hivyo Novemba 2021, wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, Warusi wakiwemo, walilazimika kujihifadhi kwenye vyombo vyao.

Desemba 2022 nchi 155 ziliunga mkono azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa la kuacha majaribio ya kulipua setilaiti kwa kombora. Ni ahadi ya kisiasa, haifungi kisheria, na haigusi leza wala uvurugaji wa mawimbi.

Kwa ving'amuzi vyetu, basi, njia ni ya makaratasi: TCRA, mamlaka ya mawasiliano Tanzania, ipime masafa, saa na upande yanakotoka mawimbi korofi, kisha nchi iliyosajili masafa ya setilaiti ipeleke lalamiko ITU, shirika la Umoja wa Mataifa la mawasiliano. ITU haina askari wala faini. Ila vipimo visivyochukuliwa siku ile ile havirudi, na bila hivyo hata Baraza la Usalama huna cha kuliambia.