Nani atakuuliza Jumatatu? Dhana potofu kuhusu kupunguza uzito ukubwani

Nilipofikisha miaka 46 mizani yangu ilikuwa imefichwa chini ya beseni la nguo chafu, kwa makusudi. Kilo zilikuwa zimeingia moja moja, kimyakimya, na mimi nikaamua kuzitoa vivyo hivyo. Nilianza mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mara zote tatu niliacha, na hakuna aliyejua nimeacha, maana hakuna aliyejua nimeanza.

Naamini hapo ndipo wengi wa rika letu tunapokwama. Cha kula tunakijua, mazoezi tunayajua. Tunachokosa ni mtu mmoja atakayegundua kwamba tumepotea njiani. Na kuhusu mtu huyo, yanayosemwa mengi si ya kweli.

Dhana: Ukishavuka arobaini mwili umezima, hata upate msaada gani.

Ukweli: Mwaka 2021 jarida la Science lilichapisha utafiti uliopima nishati inayotumiwa na watu zaidi ya 6,400 kutoka nchi 29, kuanzia kichanga cha siku 8 hadi mzee wa miaka 95. Watafiti walipozingatia ukubwa wa mwili na kiasi cha misuli, walikuta kwamba kasi ya mwili kutumia nishati haibadiliki sana kati ya miaka 20 na 60. Huanza kushuka baada ya 60, tena taratibu, kwa chini ya asilimia 1 kwa mwaka.

Sasa kama moto haujazimika, kilo zimetoka wapi? Misuli isiyofanyishwa kazi hupungua kidogo kidogo kuanzia miaka ya thelathini, na ikipungua, mwili mzima unahitaji chakula kidogo kuliko zamani. Kwa wanawake kuna kukoma hedhi, ambako kwa wengi huja karibu na miaka 51: homoni ya estrojeni hushuka, na mafuta yaliyokuwa yakikaa mapajani na makalioni huhamia tumboni. Ndiyo maana sketi inaweza kukataa kufunga kiunoni ilhali mizani inasema uzito ni uleule. Usingizi nao hukatika. Baadhi ya dawa, zikiwemo za sonona na za jamii ya steroidi, huongeza uzito, na tezi ya thairoidi ikilegea nayo huchangia. Hayo ni ya kumuuliza daktari kabla hujajilaumu.

Lakini kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, ni ratiba. Katika umri huu siku yako ni ya watu wengine: mtoto ana mitihani, mzazi ana kliniki, bosi kaitisha kikao saa kumi na moja jioni. Miguu ya kutembea unayo, saa ya kutembea ndiyo imeliwa. Mimi saa hiyo sikuweza kuirudisha mpaka ilipokuwa ahadi kwa mtu mwingine, kwa sababu ahadi niliyojipa mwenyewe ndiyo ilikuwa ya kwanza kuvunjwa siku ikibana.

Dhana: Mwenye nia ya kweli hahitaji wa kumfuatilia.

Ukweli: Utafiti mkubwa unaotajwa sana katika jambo hili unaitwa Diabetes Prevention Program. Ulifanyika Marekani na matokeo yake yalitoka mwaka 2002. Walishiriki watu 3,234, wastani wa umri wao miaka 51, ambao sukari yao ilikuwa imepanda ila haijafikia kisukari. Waliopewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, hatari yao ya kupata kisukari ilishuka kwa asilimia 58. Waliopewa vidonge vya metformin, dawa ya kisukari, yao ilishuka kwa asilimia 31.

Namba hizo hunukuliwa kila mahali. Kinachosahaulika ni kwamba kila mtu katika lile kundi la mazoezi na chakula alikuwa na mshauri wake, akapitia naye vipindi 16 ana kwa ana, na hata baada ya hapo aliendelea kufuatiliwa. Hakuna aliyekabidhiwa karatasi ya lishe na kuambiwa kila la heri.

Kuna na sababu nyingine, ambayo inauma kidogo. Mwaka 1992 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa watu waliokuwa wakisema hawapungui ingawa wanakula chini ya kalori 1,200 kwa siku. Vipimo vilionyesha kwamba chakula walikuwa wakikitaja pungufu kwa wastani wa asilimia 47, na mazoezi wakiyazidisha kwa asilimia 51. Siamini kwamba walikuwa waongo. Kuonja sufuria, kumalizia sahani ya mtoto, kipande kinacholiwa wima ukipita jikoni: vitu hivyo havikai kichwani. Lakini ukijua kuna mwenzako atakayesoma daftari lako leo usiku, unaviandika.

Dhana: Msimamizi mzuri ni mkali, asiyekuonea huruma.

Hii niliishika kuliko zote, na ndiyo iliyonigharimu zaidi. Niliwahi kuwa na msimamizi wa namna hiyo, mtu wa karibu kabisa, mwenye nia njema. Siku moja tuna wageni, nimeshika sahani, akaniuliza kwa sauti: "Na hiyo nayo imo kwenye mpango?" Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka. Usiku ule nilikula nimesimama jikoni gizani, taa ya jokofu ndiyo inayonimulikia.

Ukweli: Nchini Uingereza watafiti waliwafuatilia watu 2,944 wenye umri wa miaka 50 na kuendelea kwa miaka minne, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Waliosema wamewahi kubaguliwa au kudharauliwa kwa sababu ya uzito wao waliongezeka kwa wastani wa kilo 0.95. Waliosalia walipungua kwa kilo 0.71. Utafiti wa kufuatilia watu hivi hauthibitishi kwamba dharau ndiyo iliyowanenepesha, lakini kwa wale wanaodai kuaibisha husaidia, haukuwaletea habari njema.

Msimamizi niliyempata baadaye ni mfanyakazi mwenzangu, si mtu tuliyekuwa karibu sana. Tulikubaliana hivi: kila Jumatatu kabla ya saa moja na nusu asubuhi natuma namba ya mizani na idadi ya siku nilizotembea kati ya nne nilizopanga. Naye ananitumia za kwake. Namba haisifiwi wala haisemwi vibaya. Wiki ya tano nilikaa kimya. Saa mbili kasoro robo simu ikalia, ujumbe umeingia.

"Dada, sijaona namba."

"Imepanda. Kilo moja na nusu."

"Sawa. Umetembea siku ngapi?"

"Moja. Mama alilazwa."

"Pole sana. Anaendeleaje?"

Nikamweleza. Kisha akaandika: "Basi wiki hii weka siku mbili, siyo nne. Zipi?"

"Jumatano na Jumamosi."

Mazungumzo yote hayakufika dakika tano. Hakuniuliza kwa nini nimeshindwa. Hakuniambia nisijali, jambo ambalo lingenipa ruhusa ya kupotea wiki nyingine. Aliuliza "zipi", na mtu akishataja siku, inakuwa vigumu kujifanya hakusema. Nimeshasikia watu wakilipia ushauri wa saa nzima bila kuulizwa swali hilo.

Dhana: Mwenzi wako ndiye msimamizi wa kwanza.

Ukweli: Mwenzi ana nguvu, ila si za kukagua. Utafiti mmoja wa Marekani uliotoka mwaka 2018 uliwachukua wanandoa na wachumba wanaoishi pamoja, jozi 130, na katika kila jozi mmoja tu ndiye aliyejiunga na juhudi za kupunguza uzito. Baada ya miezi sita, karibu theluthi moja ya wale wengine ambao hawakujiunga nao walikuwa wamepungua asilimia 3 ya uzito au zaidi. Kinacholetwa nyumbani kikibadilika, walaji wote hubadilika.

Kukagua ni habari nyingine. Mkishakuwa na deni la maneno la miaka ishirini, swali dogo kuhusu kijiko cha pili linabeba na yale ya zamani yote. Mimi mwenzi ningemwomba vitu viwili vinavyoonekana: vile vinavyonishinda visikae mezani, na jioni mbili kwa wiki ashike yeye mambo ya nyumba nipate kutoka. Mizani aiache. Na usishangae akianza kuona umebadilika na hapendi. Kuna ambao mwenzao akipungua wao huingiwa na hofu, na hofu hiyo huja kama mzaha, au kama zawadi ya kitu kitamu. Hilo huzungumzwa mapema, kwa upole, mkiwa hamna njaa wala hasira.

Dhana: Ukitangaza kwa watu wote, aibu itakuzuia kuacha.

Ukweli: Si lazima. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba nia inayohusu mtu anavyotaka kuwa, ikishatambuliwa na watu, inaweza kumpunguzia juhudi: anaanza kujiona kama ameshafika kidogo. Pongezi mia mbili za siku ya kwanza ni tamu. Siku ya arobaini wale mia mbili hawapo. Mweleze mtu mmoja, na umweleze ulichofanya, siyo unachokusudia.

Dhana: Weka dau la pesa, utaona kama hutapungua.

Ukweli: Utapungua, pengine. Katika jaribio la watu 57 lililochapishwa mwaka 2008 kwenye jarida la JAMA, lengo lilikuwa kupunguza kilo 7 hivi kwa wiki 16. Karibu nusu ya waliochezeshwa bahati nasibu ya kuwatuza wanaopungua, au waliojiwekea dau lao wenyewe, walifika. Wasiokuwa na kichocheo cha pesa, mmoja kati ya kumi. Miezi michache baada ya pesa kukatika, uzito ulikuwa umerudi kiasi kwamba tofauti kati ya makundi haikuwa tena ya kutegemewa. Dau ni la kuanzia.

Dhana: Kundi la simu likiwa kubwa, msaada nao ni mkubwa.

Ukweli: Kundi la watu mia mbili lina picha nyingi, dua nyingi, na angalau mmoja anayeuza unga wa kuyeyusha kitambi. Lisilokuwa nalo ni mtu wa kugundua kwamba hujaonekana. Mwaka 1999 watafiti Rena Wing na Robert Jeffery waliwalinganisha watu waliojiunga na mafunzo ya kupunguza uzito peke yao na waliokuja pamoja na marafiki au ndugu watatu, wakafundishwa pia namna ya kusaidiana. Kati ya waliokuja na watu wao, asilimia 95 walimaliza, na miezi sita baadaye asilimia 66 walikuwa bado hawajarudisha hata sehemu ya uzito walioupunguza. Kwa waliokuja peke yao na kupewa mafunzo ya kawaida ilikuwa asilimia 76 na 24.

Wanne, basi. Huna watatu? Mmoja anatosha kuanzia.

Dhana: Siku hizi kuna sindano za kupunguza uzito, haya yote ya nini?

Ukweli: Sindano zinafanya kazi. Katika jaribio la mwaka 2021 la semaglutide, mojawapo ya dawa hizo, waliochomwa walipungua kwa wastani wa asilimia 14.9 kwa wiki 68. Wote, waliochomwa dawa na waliochomwa sindano isiyo na dawa, walikuwa na mshauri wa chakula na mazoezi kila baada ya wiki nne.

Dhana: Ukifika lengo, msimamizi umuage.

Ukweli: Hapo ndipo kazi yake inapoanza. Mwaka 2006 Wing na wenzake walitoa utafiti wa watu 314 waliokuwa wameshapunguza angalau asilimia 10 ya uzito wao. Swali lilikuwa nani ataurudisha. Baada ya miezi 18, kati ya waliokuwa wakipokea jarida tu kwa posta, asilimia 72 walikuwa wamerudisha kilo 2.3 au zaidi. Waliofuatiliwa kwa intaneti, asilimia 55. Waliokutana ana kwa ana, asilimia 46.

Makundi hayo mawili yaliyofuatiliwa yalifundishwa kujipima kila siku na kujisoma kwa rangi. Ukiwa ndani ya kilo 1.4 ya uzito wako wa lengo, uko kijani. Ukivuka hapo, njano, tafuta ni kipi kimelegea. Ukifika kilo 2.3, nyekundu, rudi kwenye mpango wa mwanzo na uombe msaada. (Mtu aliyewahi kuugua ugonjwa wa kujinyima kula au kula kupita kiasi asianze kujipima kila siku kabla hajaongea na daktari wake.)

Rangi hizo tumeziazima. Mizani yangu imetoka chini ya beseni, iko mlangoni mwa bafu, na mwenzangu haniulizi tena namba, ananiuliza rangi. Jumatatu iliyopita nilikuwa njano. Tumeihamisha Jumatano kutoka jioni kwenda alfajiri, saa kumi na mbili kasoro, na safari hii anakuja na yeye.