Mama wa Nyumbani Nairobi: Yanayosemwa na Yalivyo

"Kukaa nyumbani si kuchangia." Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inahesabu kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango. Haimpi mtu nusu ya mali moja kwa moja, lakini mchango ni mchango.

"Maharagwe yanamaliza gesi, heri ununue yaliyochemshwa." Gesi inamalizwa na namna ya kupika. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka yakiwa karibu nyuzi 95 tu, na maharagwe hukawia kuliko Mombasa. Loweka vikombe 2 kwa maji vikombe 6 usiku kucha, mwaga maji hayo, tia mapya yapite maharagwe kwa vidole viwili. Yatokote kwa moto mkali dakika 20. Kisha sufuria, bila kufunuliwa, iingie kwenye kikapu kilichotandikwa blanketi, juu yake mto, ikae muda wa saa 3. Iwe imejaa angalau theluthi mbili; chakula kidogo hupoa upesi. Mtokoto huo wa mwanzo usiuruke: maharagwe mekundu yana sumu ya asili ambayo joto la kikapu pekee haliimalizi. Kabla ya kuyaunga, yatokote tena.

Nyanya zingoje yaive, maana uchachu wake hukaza maganda. Magadi hulainisha, ndiyo, lakini huharibu vitamini B1. Na maharagwe yaliyokaa ghalani miaka hayaivi vizuri hata uyabembeleze. Ukienda soko la Marikiti ulizia mavuno mapya.

"Maziwa yakilala yanakuwa mala," yaani maziwa ya mgando. Mabichi, huenda, na hayo yanaweza kuleta brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo. Ya pakiti yameshapashwa moto na vijidudu vya kugandisha vimekufa. Ukiyaacha huoza na kuwa machungu. Chemsha lita 1, yapoe yawe vuguvugu, koroga vijiko 3 vya mala isiyo na sukari, funika muda wa saa 18 hadi 24. Julai yazungushie blanketi. Maji yakijitenga juu, yamepitiliza kidogo tu: koroga unywe. Ukiona ukungu au rangi ya waridi, mwaga.

"Sukuma ya gunia inajiotea." Sukuma wiki iliyopandwa kwenye gunia la udongo si hivyo. Miche ya chini hukauka huku juu kumejaa tope, kwa sababu mtu ameruka kokoto za katikati. Toa kitako cha mkebe wa kilo 2, ujaze kokoto, uvute juu kadiri udongo unavyopanda. Maji yatashuka hapo. Changanya debe 2 za udongo na 1 ya samadi iliyooza. Mbichi huchoma mizizi.

"Maisha ya kawaida ni kujitengenezea kila kitu." Kupika sabuni kwa soda kali kwenye chumba kimoja chenye mtoto anayetambaa ni kutafuta balaa. Nunua mche wa sabuni, ukate vipande, uvianike kivulini wiki mbili. Sabuni kavu haiyeyuki ovyo kwenye karai.