Kuondoa "not" si kuficha habari mbaya

Wengi wanaojifunza Kiingereza cha biashara hudhani kwamba kuandika kwa namna chanya ni kufuta kila "not" na kumpamba mteja maneno matamu. Sivyo. Kazi yenyewe ni kumwambia kinachowezekana, lini, na kwa sharti gani.

Chukua "We cannot ship your order until you pay". Geuza sharti liwe njia: "We will ship your order as soon as we receive your payment". Sharti limebaki palepale. Kilichoondoka ni mlango kufungwa usoni.

Hatari kubwa iko kwenye tarehe. "We cannot deliver before 12 May" maana yake mzigo utafika tarehe 12 au baadaye. Ukiandika "We will deliver by 12 May", umeahidi kwamba hautapita siku hiyo, na umejifunga mwenyewe. Andika "We can deliver from 12 May".

Tena, ukali haukai kwenye "not" peke yake. "You failed to sign" haina "not", ila inamshtaki msomaji. "You claim" ni mbaya zaidi: inanusa kumwita mwongo. Badala ya "You failed to sign", afadhali "Please sign page 2 and return it by Friday".

Onyo la usalama liache kama lilivyo. "Do not mix bleach with ammonia" haihitaji ulaini wowote. Vivyo hivyo ombi lililokataliwa: mtu lazima aelewe kwamba amekataliwa.