Lebo Ikilia Mlangoni, Muulize Keshia Kwanza

Jumamosi moja asubuhi niliitwa supamaketi fulani hapa Dar. Meneja amefura: "Fundi, nguzo zako zinatuaibisha, kila mteja analiliwa!" Nikazipima zile nguzo za mlangoni zinazopiga kengele dhidi ya wizi, nzima. Nikazunguka nyuma ya kaunta namba tatu, nikakuta chaja ya simu imechomekwa mahali pa plagi ya pedi ya kuzimia lebo za kuzuia wizi zinazobandikwa kwenye bidhaa. Keshia anauza, risiti zinatoka, lakini tangu afungue hakuna lebo hata moja iliyolazwa.

Watu wengi hudhani nguzo zile zinajua nani kalipa. Hazijui. Zinachojua ni kwamba lebo iliyo macho imepita katikati yake, basi.

Chukua ile lebo nyeupe ya plastiki, nyembamba, urefu kama sentimeta nne na nusu, ambayo mara nyingi imechorwa mistari ya msimbopau. Mistari hiyo ni geresha tu. Nikiichana kwa wembe nakuta tepe nyembamba za chuma zinazong'aa, zimelala bila gundi. Ukiitikisa lebo nzima sikioni unazisikia zikicheza. Zisipokuwa huru hazifanyi kazi. Chini yake kuna utepe mwingine, huo ni sumaku. Nguzo hupiga mawimbi ya kilohezi 58 kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, kisha hunyamaza na kutega sikio. Utepe uliotikiswa haunyamazi papo hapo, unaendelea kutetema kidogo, na mtetemo huo ndio unaoamsha kengele.

Mpiga ngoma huipasha ngoma yake moto mpaka sauti anayoitaka ije. Hapa moto ni ile sumaku: ndiyo inayoweka utepe kwenye 58. Pedi ya kaunta hutoa uga wa sumaku unaogeukageuka huku ukififia, na sumaku ya lebo ikipita humo inatoka imeishiwa nguvu. Utepe bado mzima, ila sauti yake imehama, na nguzo haina habari nayo tena. Ndiyo maana nawaambia makeshia wasirushe bidhaa mbili mbili kama wanahesabu machungwa. Moja moja, na iguse pedi.

Zile za karatasi, za mraba, ziinue kwenye mwanga utaona koili imejizungusha kama konokono. Koili na kapasita, yaani kile kipande kinachohifadhi umeme kidogo, huitikia pamoja kwenye megahezi 8.2. Kuzizima si suala la sumaku: pedi hupiga wimbi kali la masafa hayohayo, umeme unatoboa sehemu iliyoachwa nyembamba makusudi kwenye kapasita, saketi inapiga shoti. Imekufa. Au tuseme imezimia, maana nimeona chache zikifufuka baada ya kukunjwakunjwa begini. Ile shoti ndogo huachia, na mtu anaaibika duka la pili kwa kitu alichokilipia la kwanza.

Vile vidude vigumu vya nguo havizimwi, huvuliwa kaunta. Na tepe za vitabu vya maktaba ni kinyume cha hizi za kwanza: kule unazima kwa kutia sumaku na unaamsha kwa kuiondoa, kwa sababu kitabu lazima kirudi rafuni kikiwa na mlinzi wake.

Walinzi nawasihi wasimshike mtu mkono. Mwombe apitishe mfuko peke yake, halafu apite mwenyewe. Kuna mzee nguzo zilimlilia mara tatu, mikono mitupu. Nikamuuliza taratibu, "Shikamoo mzee, hiyo suruali umeitoa wapi?" Mtumba, soko la Karume. Ndani ya kiuno kulikuwa na lebo ya kitambaa iliyoshonewa huko Ulaya, yenye mchoro wa mkasi, na masafa ya huko na ya hapa ni yaleyale. Nikamwazima mkasi, akaikata, akaitia mfukoni, akatuaga.

Mlangoni ikalia tena.